Mwenye Kigae na Taa ya Mkunga

Hebu wewe unayejua kila kitu niambie: taa iliyoshinda kwenye chaji kutwa nzima inazimikaje saa moja ya jioni? Usikimbilie kusema betri. Ngoja kwanza.

Mwaka sabini na tano, kijiji kipya upande wa Ilongero. Kipya maana yake watu walipakiwa kwenye malori pamoja na vyungu vyao, wakamwagwa uwandani, wakaambiwa haya, hapa ndiyo maendeleo. Zahanati ilikuwapo: chumba cha dawa bila dawa, na nyuma yake chumba cha wazazi. Mkunga mmoja, Theresia. Taa moja. Mafuta ya taa kwenye duka la ushirika, wiki ya tatu hayajaonekana. Planning hiyo. Very scientific.

Taa yenyewe ilikuwa ya mafundi wa reli, chuma kitupu, betri ya asidi tumboni. Theresia aliitunza kuliko viatu vyake. Hakuiacha ikaisha kabisa. Ikianza kufifia tu, anaizima. Hakuilaza ubavu. Maji ya visima vya huku yana chumvi, kwa hiyo aliiongezea maji ya mvua aliyoyakinga masika na kuyaficha kwenye chupa. Vichwa vya betri alivifuta kila Jumapili na kuvipaka grisi. Na kila asubuhi aliipeleka kwenye mashine ya kusaga, fundi wake Laurenti aiunge kwenye dainamo.

Jioni hiyo aliifuata mbiombio. Dina alikuwa na uchungu tangu adhuhuri. Dina huyu alishazaa mara mbili, na mara zote mbili mtoto alitoka kimya. Ndugu wa mume walishaanza kumwambia kaka yao atafute mke mwingine. Naye Dina neno lake lilikuwa moja tu: "Nesi, huyu nimsikie akilia. Basi."

"Imejaa, Laurenti?"

"Full chaji, nesi." Alisema akiutazama mkanda wa mashine.

"Mbona hunitazami? Mimi mama mkwe wako?"

Laurenti akacheka kidogo. Cheko la mtu anayetaka uondoke.

Jua lilikuwa limeshazama. Pale njia inapopita kati ya majabali, Theresia akaiwasha taa, na mwanga ukamwangukia bibi mmoja amesimama. Kaniki kuukuu. Kigae cha chungu mkononi. Si ajabu, viberiti vilikuwa adimu, na jioni watu waliombana kaa la moto nyumba kwa nyumba.

"Shikamoo bibi."

Bibi akainua kigae.

Huku mzee haachi shikamoo ikaanguka chini. Huyu aliiacha.

"Naomba moto, mwanangu."

"Moto sina, bibi. Nina taa tu, na nina mzazi ananisubiri."

"Nipe huo huo."

Theresia akacheka. Haraka ilimfanya acheke. "Haya chukua bibi, kama utaweza kuubeba!"

Bibi akakisogeza kigae mpaka kwenye kioo cha taa. Akakishikilia hapo, taratibu, kama mtu anayekinga maziwa. Taa ikafifia... ikarudi. Harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji ikapita puani. Theresia akapiga hatua kumi, akageuka.

Njia ilikuwa tupu.

Chumbani alimkuta Anastazia, mama mkwe wa Dina, akimfuta mkwewe jasho. Akamsimulia habari za yule bibi kwa utani, ili Dina naye acheke. Anastazia hakucheka.

"Umetoa moto, nesi? Na mzazi yuko ndani?"

Kila mtu huku anajua: nyumba yenye mzazi haitoi moto nje mpaka kitovu cha mtoto kidondoke, maana moto ukitoka, mtoto huufuata. Theresia naye alijua, nyanya yake alimlea na hayo. Ila chuoni walimfundisha kwamba umeme ni kitu kingine.

"Mama, hii ni taa tu."

"Alikuomba. Ulimpa au hukumpa?"

"...Nilimtania."

"Shikamoo yako aliitikia?"

"Hapana."

Anastazia akaacha kumfuta mkwewe. "Huyo ni wa kule tulikotolewa. Mgambo walipokuja, moto wa jikoni waliumwagia maji, halafu moto mwingine wakautia kwenye paa. Wazee wetu tuliowazika wamelala pale uani, hawana wa kuwawashia. Nilisema mkutanoni. Wakaniita mchawi."

"Mama..." Dina alinong'ona. "Taa."

Mwanga ulikuwa umegeuka wa njano. Theresia akakaza nyaya. Akafuta vichwa vya betri kwa pindo la gauni. Akafungua vifuniko, akachungulia: maji yapo, yamejaa vizuri. Mwanga ukawa mwekundu.

"Kalete moto nyumbani kwako, mama. Kimbia!"

Anastazia akatoka mbio.

Taa ikazimika.

Giza la chumba kisicho na dirisha unalijua? Theresia alifanya kazi kwa vidole. Dina anahema. Theresia anahema. Kichwa kikafika mkononi. Bega. Halafu mwili wote, moto, unateleza...

Na mtoto akalia.

Akalia kwa nguvu, mpaka Dina akaanza kulia na kucheka kwa pamoja. "Ni wangu, nesi? Ni wangu anayelia?"

"Ni wako. Wa kiume."

Akamkata kitovu kwa kupapasa. Damu ya Dina ilikuwa bado inakuja na mikono ni miwili tu. Hapo ndipo mikono mingine ikagusa mikono yake. Ya kizee. Mikavu.

"Nipe nimshike," ikanong'ona sauti.

"Ahsante mama. Mfunike vizuri."

Akampa.

Kilio kikakatika katikati. Harufu ya majivu mabichi ikajaa chumba.

Taa ikawaka. Yenyewe. Nyeupe kuliko siku zote.

Mlangoni alisimama Anastazia na kijinga cha moto, anatweta, jasho linamtiririka. Ndiyo kwanza anafika.

"Nimemsikia toka njiani," akasema. Akatabasamu. Akatazama mikono ya Theresia. "Yuko wapi?"

Dina akainua kichwa. "Si kakupa wewe, mama?"

Walitafuta mpaka asubuhi, kijiji kizima, majabali yote. Kwenye vumbi la mlangoni palikuwa na nyayo za Anastazia tu, za kutoka na za kurudi.

Siku ya pili Laurenti alikiri, analia. Mwenyekiti Alute alikuwa na mgeni kutoka wilayani. Dainamo ilishinda ikichaji betri ya spika za mkutano. Taa ilipata nusu saa. Kwa hiyo kuzimika tunajua. Sawa, wasomi, fizikia imeshinda.

Lakini kuwaka? Laurenti aliibeba taa ile, akakata nyaya zote mbili mbele ya watu. Ikaendelea kuwaka. Siku tatu. Nuru haina joto hata chembe, na kila magharibi inapepea kidogo, kama kuna mtu anaipumulia.

Kamati ya kijiji ilikaa robo saa. Kwenye daftari wakaandika: mtoto alizaliwa mfu. Theresia akahamishiwa Manyoni kwa uzembe. Dina maziwa yakaja, hakuna wa kuyanyonya, anakamulia ardhini. Kila jua likizama anatoka kwenda kwenye majabali, amebeba kijinga kinachowaka, anaita, "Bibi, moto huu hapa. Nirudishie wangu."

Kijinga kikiisha, anarudi.

Sasa wewe Mwenyekiti, na kamati yako, na mgeni wenu mliyempigia spika: wanawake watatu walimsikia mtoto yule akilia. Fungueni daftari. Futeni neno "mfu". Mkishalifuta, nendeni kwa Dina kwa miguu yenu, mmwambie mtoto wake yuko mikononi mwa nani.