Nusu ya Jibu

Kipenga alikuwa amefungua mdomo, machozi yanamtiririka, miguu inapiga hewa, na hakuna sauti.

Mama yake alidhani ni masikio yake mwenyewe yameziba. Mtoto wa miezi saba, aliyepewa jina hilo kwa sababu akilia hata jirani wa nyumba ya tatu anapandisha redio, leo analia kama picha!

"Baba Kipenga! Njoo umwone mwanao!"

Mumewe alikuwa mezani na kadi zake. Ndiyo kazi yake: hununua kadi za posta za zamani, zile zilizochapwa pamoja na stempu zake kabisa, akatafuta mpokeaji alikuwa nani na aliishia wapi, kisha akaziuza kwa wakusanyaji pamoja na historia zake. Safari hii alipata kadi pacha, nusu ya barua na nusu ya jibu ambayo mpokeaji huichana na kuirudisha kwa posta, zote zimeshalipiwa. Kwenye nusu ya barua, mwimbaji mmoja wa kike aliiandikia kampuni ya santuri, enzi za gramafoni za kuzungushwa kwa mkono: *Nimekuja mara tatu, mmenifungia mlango. Sauti yangu mtaichukua lini?*

Mume alimtazama mtoto, uso ukamshuka.

"Jana niliijaza ile nusu ya jibu."

"Uliijaza nini?"

"Nilimwonea huruma, mke wangu. Miaka yote hiyo hajajibiwa. Nikaandika, njoo, tupo tayari. Nikaweka na anwani yetu. Utani tu."

"Utani na marehemu? Una akili kweli wewe? Iko wapi?"

Aliinua kadi. Nusu ya jibu haikuwapo, ilikuwa imechanwa, taratibu, kwenye vitobo vyake.

Hapo harufu ikaingia, nta iliyoyeyuka na vumbi la sanduku, mchana kweupe, jua limejaa sebuleni, kisha mkwaruzo, kama sindano inayotafuta pa kukaa, na ndani ya mkwaruzo mwanamke anaimba, kwa utamu, kutoka ukutani, na kila akivuta pumzi kifua cha Kipenga kinabonyea, mpaka mama, kwa kuchanganyikiwa, akamziba mtoto mdomo kwa kiganja, na wimbo ukutani nao ukazibika.

Aliondoa mkono kama aliyeungua.

"Mwandikie hapana!" alinong'ona. "Mwandikie!"

"Nusu ya jibu imeshaondoka..."

"Basi kwenye hii hii!" Alimpokonya kalamu, akaandika pembeni ya barua, herufi zinamruka: *Kampuni ilifungwa. Niachie mwanangu.*

Wimbo ukakatika. Kipenga akalia, kilio kizima, cha kupasua paa.

"Lia, mwanangu, lia," baba mtu akasema, huku mwenyewe analia.

Walimwacha alie. Kilio kilipanda, kikaja na kwikwi mbili, kikohozi kidogo, kikapanda tena. Kwikwi mbili. Kikohozi kidogo. Kikapanda.

Mama alitoa ziwa haraka. Kipenga akalidaka, akafumba macho, akanyonya kwa pupa.

Kilio kikaendelea, kutoka ukutani.