Shilingi za Malkia na Jani la Isale

Nina miaka arobaini na saba, mkulima wa kahawa hapa Masama. Mikono hii ninayoandikia ndiyo iliyompofusha ndugu yangu wa tumbo moja. Nihukumuni, wasomaji wenzangu, lakini nisomeni hadi mwisho.

Babu alimpikia mlowezi wa Kiingereza. Alipoondoka, alimwachia babu shilingi ya fedha ya karne nne zilizopita, yenye kichwa cha malkia, nyembamba kama ganda la kitunguu. Niliirithi... ikanitia wazimu. Nilipokuwa nikiongoza watalii mlimani niliwaomba Waingereza waniletee nyingine, nikazinunua, zikafika kumi na moja. Mke wangu alisema sijawahi kumtazama yeye kama ninavyozitazama hizo. Alisema kweli.

Krismasi moja mdogo wangu Elibariki, fundi gereji Moshi mjini, alikuja nyumbani. Alijua Mwingereza mjuzi wa sarafu angekuja kuziona, akataka kunifurahisha. Nikiwa kanisani alizisugua kwa majivu na ndimu, kama mama anavyosugua sufuria.

“Kaka, ona zilivyotakata,” aliniambia niliporudi.

Ule weusi wa miaka ndio uliokuwa thamani yake. Pua ya malkia ilikuwa imefutika! Nilimpiga ngumi na mateke, mpaka mama akamlalia juu kumkinga.

Asubuhi yake Elibariki alirudi, mdomo umevimba, ameshika jani la isale. Huku kwetu anayeomba msamaha na isale mkononi hakataliwi, hata kama ameua. Nililijua hilo tangu utoto.

“Kaka, nisamehe. Sikujua.”

Nililiona lile jani... nikachukua mpini wa jembe. Nilimpiga kichwani mara tatu. Damu ilirukia migomba. Alianguka, na jani hakuliachia.

Hospitalini waliokoa uhai wake, macho yakashindikana. Mimi nilifungwa. Shilingi mke wangu alizitumbukiza chooni, na hadi leo sijamuuliza.

Nilipotoka gerezani nilikata isale, nikaenda kwa Elibariki. Nilimwekea jani mkononi. Alilipapasa polepole, toka shina hadi ncha. Kisha akanyoosha mkono kunitafuta.

“Kaa, kaka,” alisema. “Umekula?”

Ndugu zangu, mna kitu gani ndani mnachokipenda kuliko watu wenu? Kitoeni leo, kabla mkono haujainuka. Na ukiletewa isale, pokea. Mimi nilipokelewa na mtu niliyemkataa... na kila nikila kwake, mimi ndiye ninayemwelekeza sahani ilipo.