Magauni ya Kwedigunda

Treni kutoka Tanga ilichelewa kwa saa mbili siku ile ya Februari 1975, na ilipoingia stesheni ya Korogwe watu wote waliokuwa wakiingoja walilivamia behewa la mizigo kwa mkupuo. Wauza machungwa na mayai ya kuchemsha walipita madirishani wakinadi. Karani wa mizigo alikuwa akishusha vifurushi chini bila kusoma majina.

Swaumu alikuwa amevaa gauni la maua ya njano lenye mkanda kiunoni, khanga begani, na viatu vya raizoni vya soli nene ambavyo havikufaa kabisa kugombania mizigo. Aliliona robota lake, limefungwa kwa gunia na kamba ya katani. Alipoinama kulishika, mkono mwingine, mweusi kwa grisi, ulikuwa umekwisha lishika upande wa pili.

"Kaka, hilo langu."

"Dada, hii ni pampu ya trekta. Nimeifuata kutoka Handeni."

"Tangu lini pampu ikawa laini?"

Kijana alilibonyeza robota. Likabonyea. Watu waliokuwa karibu wakacheka, naye akacheka pamoja nao, akalinyanyua na kumtolea nje ya msongamano. Alikuwa mrefu, amevaa ovaroli la buluu lililopauka magotini, na alizungumza polepole kama mtu asiye na haraka na dunia. Jina lake Sadala, dereva wa trekta la kijiji cha ujamaa cha Kwedigunda, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka Kabuku.

"Humu mna nini?"

"Mabaki ya vitambaa. Shangazi yangu yuko kiwanda cha nguo Tanga. Sisi kina mama wa UWT pale Masuguru tunashonea watoto yatima."

"Kina mama? Wewe mama wa nani?"

"Mama wa cherehani yangu."

Sadala alitabasamu, kisha tabasamu likaondoka. "Yatima wa wapi?"

"Wowote wenye shida. Mara ya mwisho tulipeleka hospitali."

"Kwetu wapo kumi na saba."

Alimweleza hapo hapo, wakiwa wamesimama. Kijiji kilikuwa na mwaka mmoja tu. Watu walihamia, mvua ikakataa, kisha surua ikapita. Watoto wengine walifiwa na mama zao. Wengine baba zao walikwenda kutafuta vibarua wasirudi. Bibi mmoja, Bibi Mwaija, aliwakusanya uani kwake akawa anawapikia uji wa unga wa njano uliogawiwa na serikali, ule ambao watu waliuita Yanga. Yeye Sadala, akimaliza kulima shamba la kijiji, huwachotea maji kwa mapipa kwenye tela.

"Wanakulipa?" Swaumu aliuliza.

"Nani? Hata Bibi Mwaija hakuna anayemlipa."

Swaumu aliamua pale pale kwamba nguo za msimu ule zitakwenda Kwedigunda. Kwamba alitaka pia kumwona tena yule dereva hakumwambia mtu yeyote. Rafiki yake Zuena alilijua hilo kabla ya Jumamosi.

*

Kila baada ya wiki mbili Sadala alikuja Korogwe kufuata dizeli, na kila alipokuja alipita Masuguru, kwenye baraza la duka ambako Swaumu alikuwa na cherehani yake. Alikaa juu ya debe akimtazama anavyokanyaga pedeli.

"Unanitazama mimi au cherehani?"

"Natazama injini. Mimi ni mtu wa mitambo."

"Basi ikiharibika nitajua ni nani aliyeitia kijicho, mgosi wee."

Kwenye ukosi wa kila gauni Swaumu alidarizi ua dogo kwa uzi mwekundu. Sadala alimuuliza kwa nini anapoteza muda, mtoto wa miaka miwili hajui ua. Swaumu hakumjibu. Alishona tu, na kufikia mwisho wa Machi Sadala alikuwa amebeba magauni na kaptula thelathini, nguo ambazo wanawake wa Masuguru walikuwa wamezikatia khanga zao wenyewe pale vitambaa vilipopungua.

Kila Alhamisi saa nne asubuhi, Sadala alipiga simu kutoka ofisi ya shamba la mkonge karibu na Kabuku, ambako karani alikuwa rafiki yake. Swaumu aliingoja posta ya Korogwe.

"Swaumu wa Masuguru!" karani wa posta alipaza sauti. "Kabuku hiyo!"

"Haloo! Swaumu! Unanisikia, mpenzi?"

"Posta nzima inakusikia."

"Basi posta nzima ijue nimekukumbuka!"

Mzee aliyekuwa akinunua stempu alikohoa kwa heshima. Swaumu aligeukia ukuta.

"Na watoto wanaendeleaje? Magauni yamewatosha?"

"Yamewatosha," Sadala alisema, kwa sauti iliyoshuka.

Swaumu alidhani ni waya.

*

Mwezi wa Mei Zuena alikwenda kumwona dada yake Chalinze. Basi liliposimama Kabuku abiria wanywe chai, aliingia katika duka la mama mmoja aitwaye Fatu, muuza karanga na maharage. Ukutani palikuwa na magauni ya watoto yametundikwa. Kwenye ukosi wa kila moja palikuwa na ua jekundu.

Aliporudi alimweleza Swaumu taratibu, kama mtu anayempa mwenzake habari ya msiba.

"Umehesabu?"

"Kumi, labda kumi na mbili. Nilimuuliza kayapata wapi. Akasema, 'Kwa Sadala wa trekta.'"

Alhamisi ile Swaumu hakungoja salamu.

"Sadala, magauni yamefikaje kwa Fatu?"

Ilisikika sauti ya mashine za kukatia katani kwa mbali, kisha pumzi yake.

"Mimi nilimpa."

"Umemuuzia."

"Nilibadilisha. Kwa karanga na maharage. Swaumu, nilitaka kukuambia, nikaogopa utaudhika..."

"Kwa hiyo ukaona afadhali uniibie."

"Mpenzi, nisikilize kwanza."

"Usiniite hivyo mbele ya watu."

Akaweka simu chini. Wiki iliyofuata hakwenda posta. Sadala alipokuja Masuguru alikuta cherehani imefunikwa kitambaa na baraza tupu. Swaumu alikuwa ndani kwa jirani, akimwona kupitia upenyo wa dirisha, amesimama na dumu lake la dizeli hadi jua kali likamfukuza.

Kilichomuuma Swaumu si Sadala peke yake. Habari ilikuwa imeenea. Kisimani walisema binti wa Masuguru amemhonga mchumba wake kwa nguo za yatima. Mama Yordani, mwenyekiti wa tawi la UWT, mwanamke aliyezaliwa kambi ya mkonge na asiyejua kuzungusha maneno, alimwita nyumbani kwake.

"Mimi nimekata khanga yangu ya arusi ili nitoe kaptula mbili. Sitaki kurudishiwa. Ila nataka kujua. Nenda ukaone kwa macho yako, kisha urudi utuambie sote. Ukikuta ni mwizi, sema. Ukikuta si mwizi, sema pia."

"Naogopa, Mama."

"Unaogopa lipi kati ya hayo mawili?"

Kesho yake Swaumu alipanda basi la kwanza.

*

Alifika Kwedigunda jua likiwa limekwisha panda. Aliulizia kwa Bibi Mwaija akaonyeshwa ua wa mabua, na ndani yake sufuria kubwa juu ya mafiga, na watoto wameketi kwenye jamvi kila mmoja na kikombe cha bati.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Wewe ndiye wa maua mekundu?"

Swaumu alishtuka. "Umenijuaje?"

"Sadala hana habari nyingine. Kaa. Mshike huyu, mimi nikoroge."

Akapakatishwa mtoto wa kike wa miaka kama miwili, nywele zake nyekundu na laini kama za mahindi, miguu yake bado ina uvimbe kidogo. Aliitwa Mwanahawa. Alikuwa amevaa moja ya yale magauni. Uji uliokuwa kikombeni ulikuwa mzito, wenye harufu ya karanga zilizosagwa. Alikunywa bila kupumzika, akimtazama Swaumu juu ya ukingo wa kikombe.

Swaumu alihesabu watoto. Akahesabu tena.

"Niliambiwa kumi na saba, Bibi. Hawa ni kumi na wanne."

"Watatu tumewazika." Bibi Mwaija aliendelea kukoroga. "Ule unga wa njano peke yake ulijaza matumbo tu. Walivimba miguu, ngozi ikabanduka. Bwana afya alikuja akatuambia, wanataka karanga, maharage, maziwa. Nani anavyo? Ndipo magauni yenu yakaja. Tuliwavika, wakapendeza, haki ya Mungu. Na katika wale watatu, wa mwisho alikuwa dada yake huyu. Alikufa asubuhi, amevaa gauni jipya. Sadala alimbeba yeye mwenyewe. Alipotoka makaburini alikusanya nguo zote zilizokuwa hazijavaliwa, akaenda nazo Kabuku kwa miguu."

Mwanahawa alimaliza uji, akakisukuma kikombe kifuani kwa Swaumu. Anataka tena. Swaumu akamwongezea, akamfuta mdomo kwa ncha ya khanga yake.

"Huyu nilidhani atamfuata dada yake," Bibi Mwaija alisema. "Sasa angalia anavyodai."

*

Alimkuta Sadala shambani, amelala chini ya trekta. Ilionekana miguu tu.

"Toka huko," Swaumu alisema.

Akatoka. Wakasimama wakitazamana, yeye na spana mkononi.

"Nimemwona Mwanahawa. Na Bibi Mwaija ameniambia ya dada yake."

"Basi unajua."

"Najua. Lakini bado nina hasira nawe, na hasira yangu ni ya haki. Ungeniambia siku ile ile, nisingeshona gauni hata moja zaidi. Ningekwenda nyumba kwa nyumba kuomba karanga. Masuguru nzima ingeomba pamoja nami! Wewe ukanyamaza, ukasema yamewatosha. Nimeshona miezi miwili nguo zisizotakiwa, Sadala."

"Ulikuwa unashona kwa furaha. Kila nikitaka kusema, naona lile ua." Alifuta grisi kwa kitambaa, ikazidi kusambaa. "Mdogo wangu alikufa hivi hivi, nikiwa na miaka tisa. Miguu imevimba. Nilipomwona yule mtoto sikufikiri nguo ni za nani. Lakini baadaye nilifikiri, na bado sikusema. Hapo nilikosa."

Swaumu alikaa kwenye ukingo wa tela.

"Uliniuliza kwa nini nadarizi ua. Mama yangu alinifia nikiwa mdogo. Bibi yangu alinipeleka shule na gauni la mfuko wa unga, na maandishi yake mgongoni. Watoto walinisoma kila siku. 'Unga safi, ratili mia.' Nilikuwa na chakula. Sikuwa na njaa hata siku moja. Na bado nilikuwa natamani kufa."

Sadala aliweka spana chini. Kisha akasema, "Sikujua."

"Hukuuliza. Na mimi sikuuliza watoto wanakula nini. Nilileta nilichojua kutengeneza."

"Nifanye nini sasa?"

"Mimi nitawaambia wenzangu nilichokiona. Lakini la kunyamaza kwako sitakusemea."

*

Jumamosi, wanawake thelathini wa UWT walikuwa wameketi barazani Masuguru, Swaumu akiwaeleza, Sadala alipotokea. Alikuwa amevaa bugaluu la rangi ya kahawia lililopigwa pasi na shati jeupe, na alitembea kama mtu anayekwenda kudungwa sindano.

"Suruali hiyo inafagia njia," mmoja alinong'ona. Wengine wakacheka.

Sadala aliamkia, akavua kofia.

"Mama zangu, nguo mlizotoa niliwavika watoto baadhi, na nyingine nilizibadilisha kwa chakula. Watoto wamekula. Kwa hilo sijutii. Lakini sikuwaambia, na mwenzenu akasemwa vibaya kwa ajili yangu. Kwa hilo naomba radhi, kwenu na kwake."

Mama Yordani alimtazama kutoka juu hadi chini.

"Ungesema mapema ningekupa na maharage juu yake. Mwanaume mzima, unaogopa wanawake?"

"Mmoja tu, Mama."

Baraza zima liliangua kicheko, na Swaumu akaficha uso kwenye khanga. Kisha wakaingia kwenye kazi. Walikubaliana kila nyumba iweke kibaba cha karanga au choroko kwa wiki. Mwenye mbuzi wa maziwa amkopeshe Bibi Mwaija hadi watoto wapate nguvu, na mama wawili wawili waende kwa zamu Kwedigunda kumpumzisha bibi wa watu. Nguo zitashonwa kwa mtoto anayeanza shule, baada ya kuuliza kwanza. Zuena alijiandikisha zamu ya kwanza.

Walipokwisha tawanyika, Sadala alibaki. Swaumu alikuwa anakunja mikeka.

"Wazee wangu wangependa kuja kwenu," Sadala alisema. "Kama watapokewa."

"Waje kufanya nini?"

"Swaumu, usinitese. Kuleta posa."

Swaumu aliweka mkeka chini. "Watapokewa. Ila ujue jambo moja. Siku ukinioa, siku hiyo hiyo utakuwa na mtoto. Mwanahawa. Nilipokuwa kule nilimwomba Bibi Mwaija anipe nimlee."

"Akasemaje?"

"Akasema hampi msichana asiye na mume."

Sadala alianza kucheka, akaketi chini kwenye sakafu ya baraza na suruali yake iliyopigwa pasi.

"Una nini?"

"Mimi nilimwomba mwezi uliopita," alisema. "Akaniambia hampi mwanaume asiye na mke."