Mayai ya Mama Mkwe

Fundi viatu alikuwa hodari wa kazi yake. Mpelekee kiatu kilichoachama mdomo, atakurudishia kimefumba. Lakini jikoni alikuwa mgeni kabisa.

Siku moja mkewe alisafiri kwenda kumsaidia dada yake aliyejifungua. Nyumbani akabaki fundi na mama mkwe wake. Bibi huyo alikuwa ametoka kung'olewa meno. Fizi zilimuuma, na daktari alisema ale vyakula laini tu.

Asubuhi fundi alimpelekea uji wa kununua. Mama mkwe akausukuma pembeni.

"Uji tena? Baba, mimi si mtoto mchanga. Nataka yai. Laini, lakini liive."

"Sawa, mama," fundi akajibu. Moyoni akasema, yai tu, litanishindaje?

Alichemsha maji. Yalipotokota, akatumbukiza yai, akalitoa hapo hapo. Maji yamechemka, basi na yai limeiva! Mama mkwe akaligonga. Ute ukamchuruzika mpaka kwenye kiwiko.

"Hili ni la kula au la kunawia?" akauliza.

Fundi aliona aibu. Akaweka yai jingine jikoni, na safari hii hakutaka mchezo. Aliliacha lichemke, akaenda barazani kushona kiatu. Akashona, akapiga gundi, akasahau kabisa.

Pa!

Fundi aliruka, sindano mkononi. Maji yalikuwa yamekauka na yai limepasuka. Kiini kilikuwa kimenata darini.

"Mwanangu ameniacha na mkwe au na mwanajeshi?" mama mkwe akauliza. Kisha akashika shavu. "Usinichekeshe, fizi zinauma!"

Alicheka, lakini tangu jana hakuwa amekula kitu. Fundi alilikumbuka hilo, akaingiwa na hofu.

Mara kinyozi wa nyumba ya pili akaingia mbio. Nyuma yake alikuja mteja wake, kichwa nusu kimenyolewa.

"Kuna nini? Mtungi wa gesi?"

"Yai," fundi akasema kwa sauti ndogo.

Kinyozi alitazama dari. Akauma midomo asicheke. Yeye aliishi peke yake miaka mingi, na mayai alikuwa ameyazoea.

"Lete sufuria," akasema. "Tia maji ya kutosha kufunika yai lote. Yaache yachemke kwanza. Sasa usilirushe yai kama jiwe, litapasuka. Liweke kwenye kijiko, ulishushe taratibu. Kisha punguza moto."

"Halafu niende kushona?"

"Uende wapi? Kaa hapa! Toa simu yako, utazame saa. Kwa dakika sita, ute unaganda lakini kiini bado kinatiririka. Kwa dakika tisa hivi, kiini kinashikana ila bado laini. Zikifika kumi na mbili, lote gumu. Yai kubwa ongeza kidogo."

"Basi mama nimpe la dakika sita. Ndilo laini zaidi."

"Hapana. Wazee, wagonjwa, wajawazito na watoto wadogo, wape yai ambalo kiini kimeshikana. Kiini kibichi kinaweza kuwa na vijidudu vya kuharisha. Mama mpe la dakika tisa, umpondee kwa uma."

Fundi alikaa akiikodolea macho simu. Mteja akashika upande wa kichwa wenye nywele.

"Jamani, na mimi je? Nitaiva lini?"

"Subiri," kinyozi akamwambia. "Wewe hupasuki."

Dakika tisa zilipotimia, fundi alilitoa yai.

"Haraka, litie kwenye maji baridi," kinyozi akasema. "Ukiliacha na moto wake, linaendelea kuiva ndani. Pia litamenyeka vizuri. Anzia upande ule mnene."

Ganda lilitoka vipande vikubwa. Fundi alilikata yai katikati. Ute ulikuwa umeganda. Kiini kilikuwa cha manjano, kimeshikana, laini kama siagi. Akaliponda, akanyunyiza chumvi kidogo.

Mama mkwe alionja. Akalamba uma. Fundi hakupumua.

"Kuna jingine?" bibi akauliza.

Fundi aliruka kwa furaha, nusura aangushe sufuria. Siku hiyo mama mkwe alikula, akalala usingizi mzuri.

Wiki iliyofuata mkewe alirudi. Asubuhi alimchemshia mama yake yai kama alivyozoea, huku akifua nguo uani. Mama mkwe alichoma uma mara moja, akalikuta gumu, akakirudisha kisahani.

"Mwanangu, umechoka na safari. Kapumzike," akasema. Kisha akapaza sauti kuelekea barazani. "Mkwe wangu! Acha hicho kiatu, njoo umfundishe mkeo kuchemsha yai!"