Kahawa Chini ya Miti ya Mutwanga

Katungu na bwana yake Muyisa, wazazi wa Vagheni, wanalima kahawa Mutwanga, chini ya mlima Ruwenzori. Shamba lao lina migomba na miti mikubwa ya kivuli. Humo walijenga nyumba ndogo ya wageni. Watu, wengi wao Wazungu, walikuja kutazama mlima, wakanywa kahawa, wakalala.

Kisha vita ikakaribia. Jirani yao aliuawa akivuna kakao. Wageni wakakoma kuja. Majani ya paa la nyumba ya wageni yakaoza.

Asubuhi moja Muyisa alichukua shoka.

"Miti nitakata," alisema. "Tuchome makaa, tuuzishe. Hapana mugeni atafika tena."

Katungu alilia.

Séphora, agronome, mshauri wa kilimo wa kijiji, alikuwa anapita na pikipiki. Akasimama.

"Papa Vagheni, kahawa inapenda kivuli. Ukikata miti, mvula itapeleka udongo yote ku muto. Makaa ikiisha, utauzisha nini?"

"Lakini Wazungu hawakuye tena!"

"Wazungu njo wageni peke yabo? Ku muji ya Butembo batu banauzisha kahawa, lakini batoto yabo habajue inakaangwa namna gani. Mama Vagheni, wewe unakaanga mu chungu, kama bakoko, babu zetu. Unajua nyimbo ya kutwanga. Onyesha ile ku telefone."

Muyisa aliweka shoka chini, lakini hakuamini. Séphora alipiga video, wakaituma kwa watu wa Butembo. Majuma yakapita bila jibu. Kisha Hadjara, muuza vitenge wa Butembo, akaomba kuja na watoto wake.

Siku ya Hadjara kuja, masasi ya bunduki yakalia upande wa mlima.

"Tusimwambie Hadjara," alisema Muyisa. "Bakuye tu. Watoto wetu watakula nini?"

Katungu alishika telefone, akatuma sauti: "Mama Hadjara, musikuye. Njia iko mubaya."

Muyisa aliketi mlangoni, kichwa mikononi.

Siku nyingi baadaye, njia ilipotulia, Katungu alituma sauti tena. Hadjara akafika na watoto.

"Wengine bangetudanganya," alisema. "Wewe ulisema ukweli. Njo maana tumekuya."

Watoto walikaanga, wakatwanga, wakaimba kwa Kinande, lugha ya hapo, vibaya, wakacheka. Hadjara akanunua kahawa.

Wageni bado ni wachache. Kuna miezi hakuna hata mmoja. Muyisa hulala na hofu. Miti ingali imesimama. Kila asubuhi Katungu anauliza habari za njia, kisha anatuma sauti: "Mukuye," au "Mubaki kwenu." Na watu wanamsikiliza.