Feni Isiyozunguka

Jioni ile Amoni alikwenda stendi ya Tukuyu kuchukua feni.

Feni, tena si ya kujipepea. Nani anajipepea Tukuyu, mji ambao nguo hukaa kambani mpaka zinaota ukungu? Ilikuwa feni ya kompyuta, pana kama sahani ya chai, imeagizwa Kariakoo na kutumwa kwa basi pamoja na hadi diski mpya, ile diski ya kuhifadhia rekodi. Konda alipomkabidhi boksi, Amoni hakusema hata asante. Asante ya nini? Konda alikuwa konda tu, na Amoni, kwa vipimo vyake mwenyewe, ndiye aliyekuwa mtu pekee mwenye akili kuanzia Kiwira mpaka Kyela.

Huyu bwana tumweleze vizuri, maana dharau zake ndizo zilizotufikisha hapa. Alizaliwa Nkunga, kwenye migomba na matope kama sisi wengine. Akaenda Dar es Salaam, hakukaa hata mwaka, akarudi na cheti cha kompyuta, miwani isiyo na kazi, na tabia ya kuwaita washamba watu waliomfuta makamasi. Ilikuwa miaka ile nchi imefungua milango na kila kitu kinaingia: mitumba, simu za mkononi, makasha ya kompyuta yaliyochokwa Ulaya. Amoni akaokoteza kipande hapa na kipande pale, akaunda kompyuta yake. Akapanga vyumba mtaa wa Bulyaga, hapo hapo Tukuyu, cha mbele akakigeuza studio. Ukutani akabandika trei za mayai, mlangoni akaning'iniza godoro kuukuu. Kwaya za Rungwe zikawa zinakuja kurekodi hapo, kwa sababu hapakuwa na pengine.

Tatizo lilikuwa kelele. Ile kompyuta ilinguruma kama mashine ya kusaga, na kipaza sauti hakichagui, kinameza yote. Amoni akahangaika. Hadi diski aliining'iniza kwa vipande vya mpira wa baiskeli ili mtetemo wake usisikike. Feni ndogo ya mwanzo akaipunguzia umeme izunguke taratibu, lakini prosesa, ubongo wa kompyuta, ikachemka na mashine ikazima katikati ya wimbo wa Bwana. Ndipo akaagiza feni pana. Feni pana huzunguka polepole na bado hutoa upepo mwingi, lakini ndogo hupiga kelele nyingi kwa upepo kidogo. Amoni alipenda kuwaeleza watu jambo hilo huku akiwatazama kana kwamba wao ndio feni ndogo.

Kelele ya pili, kwake yeye, ilikuwa watu wenyewe. Walipumua. Kabla ya kila ubeti kwaya nzima ilivuta hewa kwa pamoja, kama watu wanavyofanya tangu waumbwe, na bwana mkubwa akakereka. Alikaa mbele ya skrini akizikata zile pumzi moja baada ya nyingine.

"Mnahema kama ng'ombe wanaopandishwa mlima," aliwaambia.

Basi, alipotoka stendi na boksi lake kwapani, mvua inanyunya, alikuta watu wamejaa kibarazani kwake. Walikuwa kwaya ya Nkunga, majani ya migomba kichwani badala ya miavuli. Mbele yao alisimama Tulinagwe, mjane wa mwalimu wao wa kwaya, Andongwisye, aliyefariki masika hayo hayo. Huyo Andongwisye ndiye aliyemfundisha Amoni kuimba akiwa bado anatembea na kaptula iliyotoboka.

"Ugonile, Amoni."

"Leo sirekodi, mama. Nina kazi."

"Hatujaja kurekodi. Tumemfuata mwalimu." Akatoa kaseti tupu chini ya kitenge, imefungwa kwenye nailoni isilowe. "Jumamosi tunaweka jiwe pale kaburini. Ule ubeti alioimba peke yake hapa kwako siku ya Pasaka, tunataka watu wausikie. Tutilie humu, mwanangu."

"Ule nilifuta."

"Ulifuta nini?"

"Wote. Diski ilijaa. Walikuja vijana wa bongo fleva kutoka Mbeya, watu wa maana, nikahitaji nafasi. Kwanza ule wimbo ulikuwa kukohoa na kuhema tu."

Alisema hivyo huku amekumbatia hadi diski mpya, yenye nafasi ya kuweka kwaya zote za wilaya na mahubiri juu yake. Angesubiri kidogo tu. Hata hilo halikumpitia kichwani.

Alitegemea wapige kelele. Alikuwa ameshaandaa na jibu la kuwanyamazisha. Hakuna aliyepiga kelele. Tulinagwe aliifuta kaseti kwa ncha ya kitenge, akairudisha kwenye nailoni.

"Haya," alisema.

Wakamtazama. Wote, kwa muda mrefu. Halafu wakateremka barabarani wakinong'ona chini chini, majani yao kichwani, mpaka giza likawameza.

Sasa, mtoto yeyote wa Kinyakyusa anajua hapo ndipo pa kuogopa. Watu wakikutukana hadharani, umepona. Watasema yaliyowajaa, watachukua maji mdomoni, watayatema chini, mtakula pamoja na yamekwisha. Lakini wakinyamaza, wakaenda kukunong'ona kwenye mafiga yao, kuna baridi inayotoka huko na kutembea hadi kwako. Wazee wanaiita *imbepo sya bandu*, pumzi ya watu. Amoni alilelewa na maneno hayo. Lakini bwana yule alitazama ule ukimya wote akaona kwamba, hatimaye, washamba wamejifunza adabu.

Akaingia ndani akipiga mluzi. Akaifunga feni mpya kwa skrubu nne, akaning'iniza diski mpya kwenye mipira yake, akapaka dawa nyeupe ya kupoozea juu ya prosesa, akafunika kasha na kuwasha.

Kimya.

Akaweka sikio. Kimya kabisa. Kwenye skrini, namba ya joto ilikuwa inashuka, inashuka, ikapita pale alipotegemea isimame. Nyuma ya kasha upepo ulitoka wa baridi safi. Amoni akacheka peke yake.

"Mama Lulu! Njoo usikilize!"

Mkewe, Ikupa, akaja na khanga mabegani. "Nisikilize nini?"

"Hicho hicho! Hakuna kitu! Wazungu wenyewe hawana hii."

"Baba Lulu, mbona humu kuna baridi hivi?"

"Ndiyo kazi ya feni, wewe mwanamke."

Chumba cha pili, binti yao Lulu akakohoa.

Kikohozi hakikukoma. Kikafuata kutetemeka, na mwili wa mtoto ukawa wa baridi hata akikaa jikoni karibu na jiko. Hospitali walipima damu, haina kitu. Wakapima kifua, safi. Wakasema afunikwe vizuri, na wangesema nini tena? Ikupa alimfunika blanketi mbili na koti la baba yake, na bado vidole vya mtoto vilikuwa kama vimetolewa mtoni. Amoni akasema ni hali ya hewa ya Tukuyu. Alikuwa na kwaya ya kutoka Ikuti ya kurekodi.

Husseni, fundi wa redio wa jirani, alikuja kuona hayo maajabu. Akaweka kiganja nyuma ya kasha, akakaa nacho. Halafu akakiondoa haraka.

"Amoni... huu upepo unakwenda na kurudi."

"Unarudi vipi? Feni inasukuma upande mmoja."

Husseni alinusa kiganja chake, akakipangusa kwenye suruali, akaondoka bila kunywa chai. Amoni akasonya. Mtu wa kubadilisha betri na kuchomelea waya atajua nini kuhusu mambo ya kupooza prosesa?

Lakini kesho yake, jua linazama na kwaya ya Ikuti imeshaondoka, akajikuta anapeleka kiganja chake mwenyewe pale nyuma.

Baridi ikatoka.

Ikakoma.

Kisha kitu kikamvuta kiganja, kwa upole, kama mtoto anavyonyonya... Kikaacha. Baridi ikatoka tena, na safari hii ilikuja na harufu. Udongo uliochimbwa sasa hivi. Majani ya migomba yaliyolowa.

Amoni akachukua bisibisi. Skrubu ya kwanza ikamponyoka. Akalivuta bati la ubavuni, akamulika na tochi.

Feni haikuwa inazunguka.

Waya wake ulikuwa umekunjwa vile vile ulivyotoka kiwandani, umebanwa na kile kikamba cha plastiki. Hakuwahi kuuchomeka. Fundi mkuu wa Bulyaga, kwa majivuno na mluzi wake, alisahau kuchomeka feni, na siku zote hizo alikuwa anajisifia upepo asioujua.

Upepo ukatoka. Mapanga ya feni hayakutikisika.

Ukarudi.

Akang'oa waya wa umeme ukutani. Skrini ikafa. Akangoja.

Ukatoka.

Ndipo akamsikia Lulu, chumba cha pili. Kasha lilipovuta, mtoto alitoa pumzi ndefu, nyembamba. Kasha lilipotoa, mtoto alitulia tu. Hakuvuta kitu. Likavuta tena... naye akatoa tena. Mtoto alikuwa anatoa bila kuingiza.

Ikupa alisimama mlangoni, amembeba. Hakulia. Alinong'ona.

"Nenda Nkunga. Kawaambie waseme."

"Nikapige magoti kwa wale wash..."

Neno halikumalizika. Mbele ya mdomo wake akaona pumzi yake mwenyewe, nyeupe, inaelea kuelekea kwenye kasha.

Akakimbia. Kupanda na kushuka, kwenye utelezi, viatu vyake vya Dar es Salaam vikajaa matope, miwani ikaanguka na hakurudi kuiokota. Alipofika kwa Tulinagwe, alikuta wana kwaya wote wamekaa jikoni, moto katikati, na kigoda kimoja kitupu. Hakuna aliyemuuliza kilichomleta.

Amoni akapita kigoda, akakaa chini, kwenye majivu. "Semeni," alisema. "Nawaomba. Mtoto wangu anakwisha."

Wakasema. Jamani, walisema! Mmoja alimkumbusha kwamba walimchangia nauli ya Dar es Salaam, akarudi hata salamu hatoi. Mwingine, mwanamke mfupi wa sauti ya kwanza, alimwambia: "Uliniita ng'ombe mbele ya mkwe wangu. Wewe! Uliyekuwa unakojoa kitandani mpaka umeota ndevu!" Watu wakacheka, na kicheko kile kilimchoma kuliko matusi. Walimvua nguo kwa maneno, wakamgeuza, wakamvua tena. Kila aliyemaliza alichukua maji mdomoni, akayatema chini, na kila mara Amoni alihisi kidogo kifua kinafunguka.

Wa mwisho alikuwa Tulinagwe. "Jumamosi tulisimama pale kaburini tukatazamana," alisema. "Hatukuwa na cha kumsikiliza. Hilo ndilo langu." Akanywa maji. Akatema.

"Asanteni," Amoni alisema. "Ndaga fijo, mama. Basi yamekwisha?"

"Yetu yamekwisha. Bado yeye."

"Nani?"

"Uliyemfuta."

"Mama... mwalimu amekufa."

"Najua. Mimi ndiye niliyemzika."

"Sasa atasemaje?"

Yule mama akamtazama kama mtu anavyomtazama mtoto mkubwa aliyejichafua. "Si wewe ndiye mwenye mashine?"

Alirudi mbio. Alimkuta Lulu amekaa kitandani, blanketi ametupa chini, jasho kwenye paji la uso, anakunywa uji na kudai sukari zaidi. Amoni akamkumbatia akalia kwa sauti, mpaka majirani wakasikia, na kwa mara ya kwanza hakujali wanasikia nini. Kasha lilikuwa kimya, la vuguvugu kama bati lolote.

Siku hizi studio bado ipo. Feni ameichomeka, tena kwa umeme wote, na inapiga kelele ambayo zamani ingemtia kichaa. Hataki kimya. Watu anawasalimia wote, mpaka makonda, na tunamcheka kwa hilo pia. Kwaya ya Nkunga walirudi kurekodi, na hakukata pumzi ya mtu.

Ila ipo moja isiyo ya mtu.

Huja mwanzo wa kila wimbo, wa kwaya yoyote, kabla hata ya kinanda. Mtu anavuta pumzi. Mwanaume, mzee, mwenye kifua. Amoni aliijua mara moja, kwa maana alifundishwa kuimba kwa pumzi hiyo hiyo. Mwalimu Andongwisye alikuwa hivyo: anavuta hewa, anainua mkono, kwaya inamkodolea macho, kisha anaushusha na wimbo unaanza. Amoni alijaribu kuikata mara moja tu. Alipobonyeza kitufe, chumba cha pili kikombe kilianguka, na Lulu akakohoa kile kikohozi. Akairudisha haraka, akanawa uso kwa maji ya ndoo.

Tangu hapo haigusi. Wanaonunua kaseti wanadhani ni mtindo wa studio yake. Hawajui kwamba kila rekodi mpya ile pumzi ni ndefu kuliko iliyopita. Kifua kinajaa. Wimbo wenyewe haujaanza, na hakuna anayejua ni wimbo gani.

Jana jioni Amoni alikuwa anasikiliza rekodi mpya, Lulu amekaa sakafuni anachezea mabunzi ya mahindi. Pumzi ikaanza. Ikavuta... ikavuta... Mtoto akaacha mabunzi, akasimama, akafumba macho na kuinua mkono wake mdogo juu, kiganja wazi. Lulu hajawahi kuingia kanisani Nkunga. Wala hajawahi kumwona yule mzee hata kwenye picha.

"Lulu," baba yake alinong'ona. "Shusha mkono."

Hakuushusha.