Mwanzi Uliopimia Kaburi

Asubuhi ilikuwa ya kawaida, na lori liliwashusha Nachingwea mapema: Saadi, fundi seremala wa Ruponda, na shemeji yake Isihaka, ndugu pekee wa mkewe Sofia. Walikuwa wakitandika sakafu ya mninga kwenye nyumba mpya ya Mzungu wa mashamba ya karanga. Vyumba vilikwisha. Ilibaki korido, nyembamba, isiyo na mlango upande wa mwisho. Mbao zililazwa kwa upana, ukuta hadi ukuta, na humo aliweza kufanya kazi mtu mmoja tu, amepiga magoti. Isihaka akaingia na nyundo. Saadi akabaki barazani na msumeno.

Alipimia mwanzi aliotoka nao kwao. Jana yake ndio aliopimia mbao za kaburi la bibi Sikuzani. Mwanzi wa namna hiyo huachwa humo humo kaburini, kila mtu Ruponda anajua. Lakini ulikuwa umenyooka vizuri mno. Saadi akaona hasara kuufukia.

Upana wa korido uliuzidi mwanzi kwa shubiri moja. Akakata hivyo, na mbao za mwanzo zikaingia sawasawa.

"Shemeji, hii ndefu!" Isihaka akaita. "Au dada yangu kakunyima uji leo, macho hayaoni?"

Saadi akacheka, akapunguza kidogo.

"Bado ndefu."

Akapunguza tena. Sasa ubao ulilingana na mwanzi wenyewe. Ukaingia bila kugongwa.

Nyundo ikanyamaza.

"Shemeji." Ilikuwa sauti ya chini. "Mbona unaniegemea?"

Saadi alikuwa barazani.

Akautazama mwanzi mkononi mwake. Akautupa, akakimbilia ndani. Isihaka alikuwa kule mwisho, mabega yote mawili yamegusa kuta. Asubuhi walipishana humo wakiwa na sanduku la zana.

"Rudi nyuma. Polepole."

"Siwezi. Panabana."

Saadi akaingia kiubavuubavu, akamshika kiunoni, akavuta. Akavuta tena. Wakaangukia barazani pamoja. Isihaka alihema, akajaribu hata kutabasamu.

Jioni ile alikata roho, bila homa, bila jeraha. Sofia ndiye aliyemfumba macho.

Waliomwosha walikuta udongo mwekundu mabegani, kulia na kushoto, mbichi, wenye vipande vya mizizi. Kuta za nyumba ya Mzungu zilikuwa za saruji tupu. Waliusugua, ukatoka.

Walipogeuka kuchota maji mengine, ulikuwa umerudi.